Kobe, Jogoo na Asiye na Uso

Udongo uliochomwa, ukiumwagia chai ya moto yenye iliki, hutoa harufu ambayo sijaikuta kwenye kitu kingine chochote. Si ile harufu ya mvua juu ya vumbi ambayo kila mtu anaisifia. Hii ni nzito zaidi, ina utamu wa sukari iliyoungua na ukali kidogo wa moshi, na ukiivuta sana inakukaa kooni. Nyumbani kwetu Michenzani, ghorofa ya tano, harufu hiyo ilitanda kila siku baada ya sala ya alasiri, kwa muda wa miezi saba ambayo bibi yangu mzaa baba aliishi nasi. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Nasema mapema ili nisije nikaonekana nimejificha: harufu hiyo niliiogopa, kisha nikaishuku, kisha nikamponza nayo mtu, na hilo la tatu ndilo linaloniandikisha.

Bibi alikuja mjini kutoka Makunduchi baada ya babu kufariki na eda yake kumalizika. Baba alimfuata mwenyewe, akarudi naye na furushi la kanga, msala wake, na kikapu cha ukindu ambacho hakumwachia mtu kukibeba, pamoja na urefu wote wa ngazi zetu. Alipanda taratibu, mkono mmoja ukutani, midomo ikichezacheza. Nilikuwa nyuma yake, na mimi tangu udogo ni mtu wa masikio. Nilimsikia anahesabu: kumi na saba, kumi na nane. Pale ngazini walikuwa wamekaa watoto wa majirani, na kwa akili yangu ya wakati ule nikaona anahesabu watoto. Nilimfikishia mama siku ile ile. Mama alikuwa akikata vitunguu, akasita kidogo, kisha akasema, "Usiwe na maneno wewe mtoto," lakini maneno yenyewe yalimwingia, niliyaona yakimwingia. Mama alikuwa mtu wa mjini, wazee wake walitoka bara zamani, na alikuwa na dhana yake kuhusu watu wa kusini ya kisiwa: kwamba ni wakarimu sana, tena wema, ila ukila chakula chao sema bismillahi mara mbili. Hayo hakuyasema mbele ya baba hata siku moja. Bibi naye akiwa peke yake alisema Kimakunduchi, na sisi wawili hatukukijua, basi kila alichonong'ona tulikifasiri kwa ubaya.

Ndani ya kikapu mlikuwa na vinyago vinne vya udongo, kila kimoja ukubwa wa ngumi. Bibi alikuwa mfinyanzi tangu usichana wake, kazi yake ilikuwa vyungu na vyetezo vya kufukizia udi, na watu wa kwao walivisifu kwa wembamba. Vinyago hivi havikuwa na wembamba wowote. Vilikuwa vinene, vimefinyangwa ovyo ovyo, ungesema ni kazi ya mtoto. Kobe alikuwa na mgongo uliochorwa miraba kwa kijiti, yenye kina cha kuingia ukucha. Jogoo alikuwa na upanga kichwani uliochongoka hata ukiugusa unachoma. Paka alikuwa laini mwili mzima. Na wa nne alikuwa mtu, mwanamke aliyekaa kitako, amejitanda kanga, ambaye hakuwa na uso. Pale pa macho na pua palikuwa patupu. Nilimuuliza bibi uso wake uko wapi, akanijibu, "Akiwa na uso atakuwa sanamu, na sanamu haifai kukaa nyumbani. Huyu mwenzangu wa chai tu." Mama alicheka kwa adabu, kicheko cha mkwe, kisha aliporudi jikoni akanong'ona peke yake, "Yarabi tuhifadhi."

Sasa niieleze meza yenyewe, maana mambo yote yalitokea hapo. Ilikuwa meza fupi ya mbao, baba aliinunua Darajani, tukiiweka katikati ya ukumbi na kukaa kuizunguka juu ya mkeka. Mama alipika chai jikoni, na mimi nikileta vitu. Bibi alichagua kazi moja tu katika nyumba ile, nayo ni kumimina chai. Hakutaka mtu mwingine aiguse. Na alikuwa na masharti yake: birika likae nyuma ya kobe, kopo la sukari nyuma ya jogoo, vikombe vijipange nyuma ya paka, na yule asiye na uso akae ubavuni mwa kikombe cha kwanza. Upande haukuwa na maana, kulia au kushoto, ilimradi kila kitu kiwe nyuma ya mwenyewe. Nikishapanga, bibi alipitisha vidole ukingoni mwa meza mpaka akamkuta jogoo, akamshika upanga, akanong'ona neno, akatia sukari vikombeni. Kisha akamtafuta kobe, akampapasa mgongo, akanong'ona tena, akanyanyua birika. Na tone la kwanza la chai, si tone, mkupuo mzima, alimmwagia yule mwanamke wa udongo kichwani. Ilitoka sauti, cho, na ile harufu ikapanda. Hapo ndipo akamimina kwenye vikombe, kidole kimoja kimekaa ukingoni kwa ndani, jambo lililomkera mama kupita kiasi. Ukimuuliza bibi kwa nini anamwagia, alisema, "Huyu hasengenyi, basi anakunywa mwanzo." Na ukicheka, alicheka na wewe.

Nikikaa leo na kuyapanga moja moja, naona jinsi mambo madogo yalivyokuwa mengi. Alikaa siku zote amelipa dirisha mgongo, hata sisi tukimtazama tukaumwa na mwanga. Hakushuka chini kwa majirani. Akikutana na mtu ngazini hakumwamkia mpaka aamkiwe, na wakubwa wa jengo letu wakamwita mwenye kiburi. Akizungumza na wewe, macho yake yalikaa pembeni kidogo ya sikio lako, kama kuna mwingine nyuma yako anayemsikiliza. Na kaka yangu mdogo, Haji, aliyekuwa na miezi minane, akipewa kumpakata alimpitishia vidole usoni pote, paji, nyusi, mdomo, polepole, kila siku, kama kwamba hajawahi kumwona. Mama alikuwa akisimama mlangoni na kitambaa mkononi, hajifuti kitu, anatazama tu. Hofu yake haikuwa ya kuigiza. Kabla ya Haji alikuwa amempoteza mtoto mwingine, na tangu hapo alimlinda huyu hata na upepo.

Aliyelipa jambo letu jina ni Bi Shemsa, jirani wa ghorofa ya tatu, ambaye haikuwa ikipita siku asipande kuja kunywa chai yetu na kurudi na habari zetu. Alikuwa mwanamke mchangamfu, mcheshi, mkono wake mwepesi kutoa, na ulimi vile vile. Siku ya kwanza alipoona chai inamwagiwa kinyago aliacha kitumbua njiani kati ya sahani na mdomo. Hakusema kitu mbele ya bibi. Alimfuata mama jikoni, na mimi nikajifanya naosha vikombe. "Mwenzangu," akasema, "mie simo, tena mie simo kabisa, lakini macho ninayo. Kile si chai, ile ni sadaka. Kwanza anamlisha asiye na uso, ndiyo nyinyi mnapata makombo yake." Mama akamwambia bibi mwenyewe anasema si sanamu kwa kuwa hana uso. Bi Shemsa akashika kiuno. "Toba! Mwenye uso si unamjua? Asiye na uso ndiye wa kuogopwa, maana hujui kesho atavaa uso wa nani." Nilisikia mwili wote umenisisimka. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa nafurahi kuogopa, na hayo mawili kwa mtoto hayana mpaka.

Kisha Haji akaugua. Homa, tumbo, analia mpaka sauti inakauka. Hospitali walimpa dawa, homa ikashuka, ikapanda tena. Mama hakuwa akila. Siku moja aliniita chumbani, akafunga mlango, akanishika mabega. "Wewe hukai mbali na bibi yako. Nataka unisikilizie anavisemesha nini vile vidude." Hakuna kazi niliyowahi kupewa ikanipendeza kama ile. Nilikaa karibu na bibi siku mbili nzima, nikijidai nacheza. Nilimsikia vizuri. Kwa jogoo alisema sukari. Kwa kobe alisema moto. Basi, hilo tu, kwa maneno ambayo hata mimi niliyaelewa. Niliporudi kwa mama kumwambia, niliona uso wake umenisubiri, na nikajua habari niliyo nayo ni ndogo mno kwa uso ule. Akaniuliza, "Na mtoto? Alimtaja mtoto?" Nikasema, "Ndiyo. Kamtaja. Anasema Haji, halafu anamwaga chai." Uongo mtupu. Hakuna aliyenifundisha. Niliuongeza kama mtu anavyoongeza chumvi kwenye mchuzi, kwa kuwa nilitaka mama aone nimefanya kazi yangu. Mama alikaa kitandani.

Baada ya uongo ule nikataka ushahidi, maana mwongo naye hutaka kuamini alilolisema. Nikafikiri hivi: kama vinyago vile vinasema naye kweli, basi nikivibadilisha mahali vitamwambia. Jumanne alasiri, wakati wa kupanga meza, nilimweka jogoo mbele ya birika na kobe mbele ya kopo la sukari. Mambo mengine yote niliyaacha kama kawaida. Mtu yeyote angekaa pale asingeona tofauti ya maana, angenyosha mkono akachukua sukari na chai yake akanywa. Walikuwepo mama na Haji mapajani, Bi Shemsa, na mimi upande wa mlango. Birika lilikuwa limetoka motoni sasa hivi, linachemka bado. Bibi akapitisha vidole ukingoni, akamkuta jogoo, akamshika upanga, akanong'ona, kisha akapeleka kiganja chote nyuma yake, wazi, kwa uhakika wa mtu anayeshika kopo lake la kila siku. Akalikumbatia birika.

Hakupiga kelele. Alisema "Astaghfirullah" kwa sauti ndogo, akaurudisha mkono kifuani, na kiganja tayari kimebadilika rangi. Chai haikumwagika. Mama alipiga ukelele kwa niaba yake. Bi Shemsa alisimama akarudi nyuma mpaka ukutani. Na bibi akauliza, "Nani kagusa vitu vyangu?" Aliuliza akiitazama kabati. Mimi nilikuwa upande wa mlango na mama yuko mbele yake, na yeye aliiuliza kabati, na tena akaiuliza, "Nani?" Niliitazama ile kabati na mimi. Lakini Bi Shemsa alikuwa na tafsiri yake, na ya mkubwa ndiyo inayosikilizwa. "Mmeona?" akasema. "Vimemgeukia mwenyewe. Wallahi, vikimaliza kwake vinahamia kwa huyo mtoto."

Baba alirudi kutoka Malindi baada ya magharibi. Alikuwa karani wa mizigo bandarini, mtu wa kutoka alfajiri na kurudi giza limeingia, na yeye alimwona mama yake akiwa amekaa mkekani tu, akambusu mkono, akaenda kula. Usiku wake wote na mama yake ulikuwa huo. Siku hiyo mama hakumpa chakula. Alisimama ukumbini na Haji begani, akasema yote, na ule uongo wangu akausema wa mwisho, nao ulionekana mzito kuliko mengine. Baba alikasirika, akasema hataki kusikia upuuzi ndani ya nyumba yake. Mama akamwambia basi atakwenda kwao na watoto, leo hii. Hapo baba akaenda kuchutama mbele ya bibi. "Mama, mie siamini maneno haya. Lakini nyumba inaniwakia moto. Vitupe hivi vidude, yaishe. Nitakununulia vizuri zaidi." Sote tulisubiri. Lilikuwa jambo jepesi kuliko yote duniani. Bibi, mkono wake uliopakwa mshubiri umelala mapajani, akasema, "Hapana, mwanangu. Hivyo sivitupi." Baba akarudia, safari hii bila upole. Bibi akasema, "Nitupeni mimi." Nilimwona baba anavyobadilika. Mpaka dakika ile alikuwa upande wa mama yake. Mtu gani anakataa kutupa kobe la udongo kwa ajili ya mjukuu mgonjwa? Nilijiuliza mimi, akajiuliza na yeye, na mwisho akasema Ijumaa baada ya sala atampeleka kwao Makunduchi.

Jumatano asubuhi mama alimpeleka Haji hospitali, tukabaki wawili. Ile kabati ilikuwa haijanitoka. Nilivua viatu, nikamwendea bibi kwa vidole vya miguu, nikasimama mbele yake karibu kabisa. Hakunitazama. Nikapunga mkono mbele ya macho yake. Kulikuwa na weupe katikati ya mboni, kama tui lililoganda, nami kwa miezi saba niliambiwa ni macho ya uzee na sikuyachungua zaidi. Hayakupepesa. Kisha akasema, "Riziki, leo umejipaka mafuta ya nazi mengi. Kwa nini hujaenda skuli?" Nikaanza kulia hapo hapo. Akaniuliza kama ni mimi niliyevihamisha. Nikasema si mimi. Akasema, "Haya," tu, na ile haya yake ilinionyesha kuwa ameshajua na kwamba hatanisema.

Akanikalisha. Akaniambia macho yalianza kumwondoka kabla babu hajafa, kwamba vinyago alivifinyanga akiwa haoni tena ila kivuli na mwanga, kila kimoja cha kutambulika kwa kidole, na yule asiye na uso kazi yake ni kumpa sauti, ili ajue mdomo wa birika uko wapi kabla hajakifikia kikombe. Nilimwambia basi tumwambie baba, baba atafurahi, hutaondoka! Akanishika mkono kwa ule mzima, kwa nguvu. "Mama yangu alipopofuka," akasema, "tulimkalisha pembeni. Tukamlisha kwa kijiko. Tukawa tunamsema mbele yake kama hayupo. Na mie nilikuwa mmoja wao, Riziki. Mchawi anaogopwa, lakini watu wanamwamkia. Kipofu anawekwa kama gunia, na mtoto hapewi tena kumpakata. Sitaki. Niahidi." Nikaahidi. Aliposema niahidi nilisikia wepesi, na wepesi ule ndio ninaoushuku mpaka leo. Maana kama ningesema bibi haoni, ningeulizwa kwa nini alimshika jogoo akaungua, na nani alimweka jogoo pale, na lile jina la Haji lilitoka wapi. Ahadi ya bibi ilinifunika vizuri sana. Sijui kama niliishika kwa ajili yake au kwa ajili yangu, na kila nikijichunguza napata jibu la kunipendeza, nami majibu ya kunipendeza siyaamini.

Alhamisi homa ya Haji ilishuka na haikupanda tena. Dawa zilikuwa zimefanya kazi, na bibi alikuwa bado yuko ndani ya nyumba, amekaa palepale. Hakuna aliyetaka kuliona hilo. Ijumaa alishuka ngazi akiwa na kikapu chake mkononi, vinyago vyote vinne ndani, baba mbele yake na mimi roshanini juu nikitazama kanga yake ikiingia kwenye gari ya kukodi. Majirani walimwamkia. Aliwaitikia wote, kwa majina, akiwatambua kwa sauti zao. Aliishi Makunduchi miaka miwili zaidi, katika nyumba aliyoijua kila pembe, pamoja na binti wa dada yake, kisha akafariki. Tulikwenda mazikoni. Mama alilia sana, na nilishangaa, na sikustahili kushangaa.

Leo mimi ni mwalimu wa sekondari, na wanafunzi wameniita Bi Kachero, kwa kuwa nikishika daftari mbili najua nani kanakili kwa nani. Nikipita vichochoro vya Mji Mkongwe naona vinyago vya udongo vimejaa mabarazani, kobe, paka, wanawake waliojitanda, wengine hawana uso kwa kuwa ndiyo mtindo. Vijana wetu wenyewe wanavinunua, wanavipanga kwenye meza za chai za nyumba zao mpya, wanaviita marafiki wa chai, wanavimwagia na kuvipiga picha kwa simu kabla ya kunywa. Hakuna anayeshika kiuno. Binti mmoja ninayefundisha naye anacho kimoja mezani kwake ofisini, bundi mdogo, na siku aliyokimwagia chai nilitoka nje, nikasingizia simu.

Baba sasa ni mzee wa miaka sabini na kitu, anaishi nami tangu mama afariki. Mwaka uliopita alianza kulalamika ukungu. Nilimpeleka hospitali, daktari kijana akammulika dakika moja, akasema ni mtoto wa jicho, tena ni jambo jepesi. Waliingia naye asubuhi kumpasua jicho moja, adhuhuri tulikuwa nyumbani, naye akinung'unika kwamba hawakumpa hata chai. Nilimuuliza daktari kama hata mtu aliyekwisha kuwa haoni kabisa, mboni nyeupe, angeweza kusaidiwa. Akasema hata huyo, kama ni mtoto wa jicho tu, hata awe na miaka tisini. Wakati ule wa bibi pengine isingewezekana. Nataka kuamini isingewezekana, na sijathubutu kumuuliza mtu anayejua.

Siku ya tatu walipomtoa kitambaa, tulikaa roshanini baada ya alasiri, na baba alikuwa anasoma vibao vya maduka ya mbali kwa sauti, kwa furaha, kama mtoto aliyeanza skuli. Nikamwambia. Sikupanga, lilitoka. Nilimwambia macho ya mama yake, vinyago, jogoo, jina la Haji nililolitunga. Aliacha kusoma vibao. Hakupandisha sauti.

"Ulijua lini?"

"Jumatano asubuhi, baba."

"Na mie nilimpeleka Ijumaa."

Nikamwambia kwamba nilikuwa nimeahidi. Akasema hakuniuliza ahadi. Kisha akanitazama, usoni moja kwa moja, kwa jicho lile jipya lisilo na ukungu, na mimi ndiye niliyeinama. Halafu akaanza kuzungumza polepole, anautazama mkono wake, akanieleza jambo ambalo hata mama hakulijua. Siku ile ya Ijumaa walipofika Makunduchi, bibi alimwambia akae kwanza, asiondoke na njaa. Akavitoa vinyago kwenye kikapu, akavipanga, binti wa dada yake akaleta birika, na kwa ule mkono wake uliofungwa akammiminia mwanawe kikombe. Baba alikuwa amekwisha kuyaamini maneno yale. Alikaa karibu na mlango, na bibi alipogeukia upande wa pili, akaimwaga chai yote nje, mchangani, taratibu.

"Akaniuliza kama sukari imetosha," baba akasema. "Nikamwambia imetosha, mama. Miaka yote hii nnajua aliniona nikimwaga, akanistahi." Akajifuta jicho zima, lile la kidonda akaliacha. "Kumbe hakuwa akiona. Basi hakuniona, siyo, Riziki?"

Masikio ya bibi yalikuwa yakisikia chai ikigusa udongo kwenye kelele za ukumbi mzima, na kule hakukuwa na kelele yoyote.

"Hakukuona, baba," nikamwambia.